Miezi 19 kwa risasi moja: bunduki yangu ya Sharps kutoka Big Timber

Niliingia Shiloh, karakana inayotengeneza nakala za bunduki za zamani za Sharps, kwa mara ya kwanza kwa sababu ya upepo. Naendesha lori, na yeyote aliyewahi kuvuta trela tupu kwenye barabara kuu ya I-90 kati ya Livingston na Big Timber, hapa Montana, anajua upepo ninaousema. Siku ile njia ilifungwa kwa magari marefu. Nikaegesha Big Timber, mji wa watu wasiofika elfu mbili, mto Yellowstone ukipita kando yake na milima ya Crazy ikionekana kaskazini. Nilikuwa nimeshasikia kwamba bunduki za Sharps zinatengenezwa katika mji huo. Nikasema ngoja nikaone.

Nieleze kwanza mtoto wa Namtumbo, Tanzania, amejuana wapi na baruti nyeusi. Baba yangu alikuwa na gobore, la kibali, kitako cha mninga, alilolindia mahindi dhidi ya nguruwe pori. Nikiwa na miaka kumi kazi yangu ilikuwa kumshikia mdeki, ule ufito wa kushindilia. Alipima baruti kwa kipande cha pembe, akashindilia kitambaa, akatia risasi, akashindilia tena, na fataki, ile ya kuwashia baruti, aliipachika mwisho kabisa, mimi nikiwa nimeshasogea nyuma yake. Ule moshi mweupe na harufu yake ya kiberiti vimenikaa puani hadi leo. Nilipofika huku nikaona watu wazima wamelala kifudifudi kwenye nyasi wanapiga shabaha, na wingu jeupe linatoka mbele ya kila mmoja, nilisimama nikatazama mpaka wakafunga.

Sharps ni bunduki ya risasi moja. Christian Sharps alipata hataza yake mwaka 1848, na wazo lake ni rahisi kulieleza: nyuma ya mtutu kuna pande la chuma linaloshuka wima ukivuta wenzo ulio chini ya triga. Unasukuma risasi ndani kwa kidole gumba, unarudisha wenzo, pande linapanda na kuziba. Toleo linaloitwa la 1874 ndilo la risasi zenye ganda la shaba, na ndilo ambalo watu wengi hukumbuka wanaposikia jina la Sharps. Kiwanda cha zamani kilikuwa Hartford, kikahamia Bridgeport, vyote Connecticut, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 kikawa kimeshafungwa. Kwa hiyo ukitaka ya asili unanunua kwa wakusanyaji, na wengi wa wakusanyaji hawathubutu kuipiga. Ukitaka ya kupiga, unaagiza nakala. Shiloh walianza kuzitengeneza New York miaka ya 1970, wakahamia Big Timber mwaka 1983.

Sitaki kuisifu bunduki hii huku nimeficha kazi iliyofanya. Sharps ndiyo iliyobebwa na wawindaji wa ngozi miaka ya 1870, na ndani ya miaka michache nyati wa nyika hizi, baisoni, waliokuwa mamilioni, walibaki kama elfu moja. Mkwaju maarufu wa mwindaji Billy Dixon kule Adobe Walls, Texas, Juni 1874, unaotajwa kuwa wa yadi 1,538, ulipigwa kwa Sharps kuwaelekea Wakomanchi na wenzao, watu ambao nyati hao ndio waliokuwa chakula chao, nguo zao na nyumba zao. Dixon mwenyewe alisema ulikuwa wa bahati. Sisi wa mkoa wa Ruvuma tunalijua jambo la aina hii kwa upande wetu: askari wa Wajerumani wakati wa Maji Maji wengi wao walibeba Mauser ya 1871, nayo ya risasi moja, nayo ya baruti nyeusi. Naipenda Sharps kwa ufundi wake na kwa sababu ya baba yangu. Hayo mengine nayajua, na kila nikiishika nayakumbuka.

Sasa tuje kwenye kuagiza.

Ukizoea kununua bunduki dukani, hapa utachanganyikiwa, kwa sababu swali la kwanza halikuwa bei. Niliulizwa: utaipigia nini? Nikasema shabaha za chuma, zile za umbo la wanyama: kuku mita 200, nguruwe 300, bata mzinga 385, kondoo dume 500. Kuanzia hapo kila jibu lilitokana na lile la kwanza. Mashindano hayo yana kikomo cha uzito, ratili 12 na aunsi 2, kwa hiyo mtutu mrefu wa inchi 34 niliokuwa nauota ulianza kuwa wa mashaka. Tukashuka hadi inchi 30, wa pembe nane. Nilitaka pia .45-110, ganda lile refu la karibu inchi tatu, kwa sababu kila anayeanza anataka hilo. Nikashauriwa .45-70. Namba hizo maana yake ni upana wa risasi kwa sehemu ya inchi, kisha uzito wa baruti kwa greni, kipimo kidogo sana cha uzito. Jeshi la Marekani liliichukua .45-70 mwaka 1873 na mpaka leo maganda yake unayapata karibu kila duka la bunduki. Leo, baada ya kupiga mamia ya risasi, nashukuru kwa ushauri ule kuliko kitu kingine chochote nilichopewa pale. Greni 70 zinatosha kuangusha kondoo wa chuma wa mita 500, na bega langu bado ni zima jioni.

Halafu kitako. Hapa ndipo bunduki ya kutengenezewa inapoachana kabisa na ya rafu. Mimi ni mrefu na mikono yangu ni mirefu zaidi ya urefu wangu; bunduki zote nilizowahi kuazima zilikuwa zinanibana, pua yangu inakaribia kidole gumba, na bunduki ikirudi nyuma inanigonga shavu. Kipimo ni hiki: unapinda kiwiko, unaweka mwisho wa kitako kwenye kunjo la mkono, na kidole cha shahada kinapaswa kufika kwenye triga bila kunyoosha wala kukunja. Changu kilitoka inchi 14 na robo. Robo ile ndiyo niliyoilipia, na ningeilipia tena. Nikachagua mwisho wa kitako wa bapa, wa mtindo wa bunduki ya marisao, badala ya ule uliochimbika kama mwezi mchanga. Ule wa mwezi ni mzuri kwa macho, lakini ukipiga umelala, ncha zake zinakuchoma begani. Ukiagiza, chukua bapa.

Mbao ni mjozi wa Marekani. Kuna madaraja, na bei inapanda kwa kila daraja. Nilichukua la kati.

Jumla ikapita dola 3,000 kabla ya vilengeo. Nililipa kianzio, nikaambiwa wazi kwamba itachukua zaidi ya mwaka, nikaingizwa kwenye orodha. Hakuna aliyeniahidi tarehe, na mimi nalihesabu hilo kuwa uungwana: afadhali mtu akwambie subiri kuliko akutajie mwezi asioujua.

Nilisubiri miezi 19. Kama unataka kuagiza, sikiliza hapa, kwa sababu muda huo ndio uliokuwa shule yangu. Nilinunua kalibu ya risasi ya greni 530 na sufuria ya umeme, nikajifunza kuyeyusha: sehemu 20 za madini ya risasi kwa moja ya bati. Mia za kwanza nilizirudisha zote kwenye sufuria. Zilikuwa na mikunjo, kalibu ikiwa baridi. Ilipopata moto sana zikatoka zimeganda kama zimepakwa chumvi. Siku ile zilipoanza kutoka laini, kingo kali, zinang'aa, nilizipanga mezani mstari mmoja nikamwita mke wangu aje azione. Nilitafuta maganda, nikatafuta baruti. Baruti si ya kuchelewesha. Mwaka 2021 kiwanda cha GOEX kule Minden, Louisiana, kilitangazwa kufungwa na watu wakanunua hadi rafu zikabaki tupu. Mwaka uliofuata Estes, watu wa roketi ndogo za kuchezea, wakakinunua. Mimi natumia ya Uswisi, punje wanazoziita 1½. Ni ghali, lakini uchafu inaouacha mtutuni ni laini zaidi.

Kosa langu la wakati huo lilikuwa kilengeo cha nyuma, kile kirefu kinachosimama kwenye shingo ya kitako, chenye mistari midogo ya kupimia. Nilikiagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Kikaja na msingi wa bunduki nyingine kabisa, matundu ya skrubu hayaendani. Nikampigia, akasema nichimbe matundu mapya. Kwenye bunduki ambayo nimeisubiri mwaka na nusu! Hakurudisha hela, wala hakubadilisha. Nilikuja kununua kingine, cha kufanana na bunduki yenyewe, na tangu siku hiyo naagiza kilengeo baada ya kupata vipimo vya msingi kwa maandishi. Fanya hivyo hivyo.

Simu ya kwamba iko tayari niliipokea nikiwa kwenye mizani ya malori. Nilipitia kuichukua mwenyewe wiki ile. Kwa sheria ya huku, nakala hii ni silaha kamili kwa sababu inatumia risasi za ganda. Si kama magobore ya kushindilia kwa mdeki, ambayo sheria ya shirikisho inakuruhusu kununua bila fomu. Mimi si raia bado, nina kadi ya ukaazi wa kudumu, na hiyo inatosha pamoja na leseni ya udereva ya Montana. Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, jina langu likaulizwa kwa FBI, jibu likarudi. Tulieni, ndugu zangu mnaoogopa fomu hiyo: jaza kweli tupu, na beba kadi yako.

Nitaeleza nilichokiona kwenye boksi polepole, kwa sababu nilikitazama polepole.

Chuma cha pembeni, pale nyundo ilipo, kilikuwa na rangi. Bluu ya maji ya kina, kahawia ya asali, kijivu, zikiingiliana kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Hiyo haikupakwa. Ni ile njia ya zamani ya kukifukia chuma kwenye makaa ya mifupa, kukichoma, kisha kukitumbukiza majini. Kinakuwa kigumu juu na rangi inabaki kama alama ya moto ulivyopita, na hakuna vyuma viwili vinavyofanana. Mbao ilikuwa na mshipa mweusi ulioanza chini ya shavu na kupinda kuelekea mwisho wa kitako. Pale mbao inapokutana na chuma nilipitisha ukucha. Haukukwama. Nikajaribu wenzo: pande likashuka bila kelele, likapanda, na mwishoni kukawa na mlio mdogo mmoja, mzito, kama mlango wa sefu.

Ina triga mbili. Ya nyuma unaivuta kwanza, inatega. Baada ya hapo ya mbele haivutwi, inaguswa. Siku ya kwanza bunduki ilinitangulia, ikalia kabla sijawa tayari. Risasi ikaenda kwenye kilima, ambako ndiko ilikokuwa imeelekezwa, hivyo hapakuwa na madhara. Usitege triga ya nyuma mpaka bunduki iwe imetulia na inaelekea shabaha. Na usiifungue bila kwanza kuirudisha nyundo nusu.

Kupiga kwenyewe kuna jambo moja ambalo nililipenda kuliko nilivyotarajia. Baruti nyeusi inaacha ukoko ndani ya mtutu, na ukoko ukikauka, risasi ya tatu au ya nne inaanza kutangatanga. Dawa yake ni pumzi. Unachukua mrija mfupi uliochongwa mwisho wake uwe kama ganda la risasi, unauingiza nyuma ya mtutu, unapumua ndani, taratibu, mara tatu, nne, tano. Unyevu wa kifua chako unaulainisha ukoko. Siku ya hewa kavu, na Montana hewa ni kavu mno, napumua mara saba. Mbele ya mtutu unaona pumzi yako inatoka na masalia ya moshi, nyembamba, ya kijivu. Unatoa mrija, unapachika risasi. Kila risasi inatanguliwa na pumzi. Sijui bunduki nyingine inayokudai kitu cha namna hiyo.

Kondoo wa mita 500 nilimpata mara ya kwanza kwenye risasi ya kumi na moja. Unabonyeza, bega linasukumwa, si kwa kugongwa bali kama mtu mzito anayekuegemea, na mbele yako panakuwa peupe. Huoni kitu. Upepo ukikusaidia, wingu linasogea kulia, na wewe bado unasubiri. Risasi hii ni nzito na ya mwendo wa pole. Inachukua zaidi ya sekunde moja na nusu kufika, na mlio wa chuma nao unachukua karibu muda huo huo kurudi. Nilihesabu kimoyomoyo. Kwenye tatu nikasikia: ngoo. Mzee aliyekuwa amelala pembeni yangu akainua kidole gumba bila kutoa jicho kwenye darubini yake.

Jioni ya siku hiyo nilimpigia baba kwa video. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Akaomba nigeuze simu aone nyuma ya mtutu. Akaomba nivute wenzo. Akanyamaza, akaomba nivute tena.

"Baruti unaiweka wapi?"

"Iko ndani ya ganda, baba. Na fataki iko kwenye kitako cha ganda."

"Kwa hiyo mdeki huna?"

"Ninao, wa kusafishia."

"Na inachukua ngapi?"

"Moja."

"Basi hiyo ni gobore," akasema, "ila limesoma." Halafu akaniuliza kama nimeshaiosha, maana jua lilikuwa limezama.

Na ameuliza lililo kubwa. Bunduki hii haingoji kesho. Ukoko wa baruti nyeusi unavuta unyevu na kula chuma. Mimi natumia maji ya moto na sabuni ya kawaida, vitambaa mpaka kitoke cheupe, nakausha, napaka mafuta. Nusu saa. Maganda nayatumbukiza kwenye maji ya sabuni palepale uwanjani, ndani ya chupa ya plastiki. Mara moja niliyasahau kwenye lori siku nne, nikiwa safari ya Spokane; yakageuka kijani, na thelathini katika hayo niliyatupa. Kama wewe ni mtu wa kurudi nyumbani na kutupa begi kwenye kona, usinunue.

Mtu ataniuliza kuhusu nakala za Italia, za Pedersoli wa Gardone Val Trompia. Nimezipiga. Ni bunduki nzuri, zinapiga shabaha sawasawa, bei yake ni ya chini, na mara nyingi unaikuta dukani ukatoka nayo siku hiyo hiyo. Kama hujui bado kama mchezo huu utakukaa, anza na hiyo, au omba kuazima. Watu wa mchezo huu huazimana kwa moyo mweupe. Ila kama mwili wako una vipimo ambavyo rafu haivijui, kama wangu, na kama miezi 19 haitakuvunja, agiza. Lawama nilizonazo kwa bunduki yenyewe ni ndogo: kuibeba mabegani kupanda kilima ni adhabu, na kilengeo cha kawaida cha juu ya mtutu kinafaa kwa kuku na nguruwe tu; kwa kondoo utahitaji kile kirefu, kwa hiyo kiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kila Juni kuna shindano kubwa kule Forsyth, mashariki ya Billings, wiki ya Siku ya Akina Baba, ambako shabaha ya mbali kabisa iko karibu yadi 800. Nimeomba likizo. Baba ameniambia nimpigie akiwa macho, nimwonyeshe moshi.

Na kwa madereva wenzangu: ukisimamishwa na upepo Big Timber, acha trela kwenye maegesho ya malori ukatembee kwa miguu. Uliza kwanza kama karakana iko wazi, na ukifika nawa mikono kabla hujagusa mbao.